Mjumbe Hauawi: Tuwache Kuadhibu Magoti Tukiita Qigong

Wacha niseme mapema ndio wenye watakasirika wakasirike mapema. Kama unasimama qigong na goti linauma, wacha kukaza. Linauma juu kuna kitu umekiweka vibaya, na ukiendelea kusimama hivyo kila asubuhi unalipa na kiungo ambacho hakina spea.

Naandika hii juu ya venye tunafundishana mtandaoni. Msee amesimama kwa ruf ya ploti, mikono imekumbatia hewa, magoti yamekunjwa mpaka mapaja yanakaribia kulala kama meza, miguu inatetemeka kama jenereta, na juu ya video kuna saa inahesabu. Dakika kumi. Ishirini. Wanaotazama wanaandika, "Kaza buda, maumivu iko kwa akili tu." Hakuna hata mmoja anauliza magoti yake yanaangalia wapi. Na ukiangalia vizuri yanaangaliana, kama majirani wawili wanaopiga umbea.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata hiyo kozi haikuwa ya udaktari. Kwa hivyo sikuombi uniamini kwa uso. Nitakuambia kile kinajulikana kuhusu goti, halafu nikupe njia ya kujipima na simu yako mwenyewe.

HII KITU NI NINI KWANZA

Qigong, tamka chigong, ni jina pana. Ndani yake kuna mazoezi mengi ya Wachina: mengine ni ya kukaa, mengine ya kutembea, mengine ya kuinua mikono polepole kama yale manane yanayoitwa Baduanjin. Mazoezi yenyewe ni ya zamani, lakini kuyaweka yote chini ya hilo jina moja kulishika China miaka ya 1950, wakati yalikuwa yanaingizwa kwa hospitali na vituo vya kupumzisha wagonjwa.

Ile ya kusimama inaitwa zhan zhuang, maana yake kusimama kama nguzo. Unasimama. Basi. Hakuna teke, hakuna kuruka. Mtu aliyeifanya ijulikane sana ni Wang Xiangzhai, mwalimu wa kupigana kutoka Hebei, aliyefariki 1963. Huyo jamaa aliona wanafunzi wanakariri mitindo mirefu kama shairi bila kujua mwili unafanya nini ndani. Akaondoa mitindo karibu yote, akaweka kusimama kuwa msingi. Njia yake ikaitwa yiquan. Mwanafunzi wake mmoja, Yu Yongnian, alikuwa daktari wa meno, na yeye ndiye mmoja wa wale walipeleka hii kusimama kwa wagonjwa. Miaka ya 1990 Lam Kam Chuen, mwalimu kutoka Hong Kong, akaionyesha kwa runinga ya Channel 4 huko Uingereza, na kitabu chake The Way of Energy kikafikia watu wengi nje ya China.

Sasa tafuta picha za hao watu. Wamesimama juu. Magoti yamekunjwa kidogo tu, hadi ukiwapita kwa stage unaweza kudhani wanangoja matatu. Zhan zhuang ya mtu anayeanza inakaa hivyo. Hakuna mapaja yamelala.

Kwa hivyo hii ya kushuka tuliitoa wapi?

Nadhani ni sehemu mbili. Ya kwanza ni filamu. Wengi wetu tulijua kung fu kupitia DJ Afro, na kwa hizo filamu mwanafunzi lazima ateseke kwanza: anashuka mpaka chini, anawekewa bakuli za maji juu ya mapaja, mwalimu anamzunguka na fimbo. Huo msimamo upo kweli, unaitwa ma bu, msimamo wa farasi, na ni mazoezi halali ya kung fu. Lakini lengo lake ni kujenga mapaja ya mtu wa kupigana. Mtu akiuchukua, akauweka jina la qigong, akakaa nao nusu saa akitafuta utulivu, amechanganya dawa mbili kwa chupa moja.

Ya pili ni shule. Nani hakuwahi kuambiwa akae kwa kiti ambacho hakipo, mikono mbele, juu alipiga kelele prep? Hapo ndipo tulijifunza kwamba kukunja magoti ni adhabu, na mwenye anavumilia ndiye mwanaume. Tumemaliza shule, lakini ile adhabu tulitoka nayo, tukaipa jina la Kichina.

GOTI LINAWEZA NINI

Hapa naomba utulie kidogo, juu hii ndiyo maana ya post yote.

Goti ni mahali mifupa mitatu inakutana: mfupa wa paja, ambao ndio mrefu kuliko yote mwilini, mfupa mkubwa wa muundi, na ile pia ndogo ya mbele. Katikati ya paja na muundi kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, kazi yao ni kupokea na kusambaza uzito. Halafu kuna kano kubwa nne, mbili ndani na mbili pembeni, zinashikilia kila kitu kisiteleze.

Kazi kubwa ya goti ni kukunja na kunyoosha, kama bawaba ya mlango. Likiwa limekunjwa linaweza pia kuzunguka, lakini kidogo tu. Hiyo kidogo ndiyo inatudanganya. Goti lililokunjwa linakubali kupindwa bila kulia papo hapo, kwa hivyo unadhani uko sawa. Bawaba iliyofungwa ikiwa imepinda haivunjiki siku ya kwanza pia. Mlango unafunguka, unafungika, na baada ya miezi ndio unaanza kusikia kelele.

Nyonga ni tofauti kabisa. Ile ni mpira ndani ya kikombe: inaenda mbele, nyuma, kando, inazunguka. Huku chini kifundo na unyayo vina viungo vingi vidogo vya kujirekebisha. Goti liko katikati ya hao wawili. Unyayo ukianguka kwa ndani, muundi unazunguka na goti linafuata. Nyonga ikikataa kufunguka, goti linavutwa. Kwa ufupi goti linapelekwa tu. Ni mjumbe, na wazee walishasema mjumbe hauawi. Likikuletea habari mbaya, nenda uwaulize waliolituma.

Kuna jambo lingine. Lile gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Linapata chakula kupitia ute wa kwenye kiungo, na huo ute unaingia na kutoka ukisonga, kama sponji ya kuoshea vyombo. Kwa hivyo linaweza kuanza kuisha bila kukuambia. Na kadiri unavyokunja goti ukiwa umebeba uzito wako, ndivyo ile pia inavyozidi kukandamizwa kwa mfupa wa paja.

Usinielewe vibaya. Sisemi kukunja goti ni mbaya. Kuchuchumaa na kuinuka ni kitu mwili unajua, na goti lenye afya linapata nguvu hapo. Shida yangu ni kukaa hapo chini dakika ishirini, goti limeingia ndani, huku mtu anakupigia makofi.

KUANZA CHINI KWENDA JUU

Anza na sakafu. Ruf nyingi za ploti zimeinama kuelekea mfereji ndio maji ya mvua yatoke. Ukisimama pembeni ya huo mteremko, mguu mmoja uko chini kuliko mwingine, nyonga moja inashuka, na goti moja linafanya kazi ya mawili. Mwaga maji kidogo uone yanaenda wapi. Tafuta pale yanatulia, ama usimame ndani ya nyumba. Toa slipas, simama miguu mitupu ama na kiatu flati.

Nyayo ziachane kiasi cha upana wa mabega. Uzito ugawane sehemu tatu: kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo. Halafu inua vidole vyote vya miguu kidogo. Vikikataa kuinuka, uzito wako umekuja mbele sana, urudishe katikati ya unyayo.

Vitabu vingi vinasema nyayo ziwe sambamba kama reli. Ni mwanzo mzuri, lakini nyonga za watu hazikuumbwa sawa. Kuna mtu akilazimisha nyayo ziangalie mbele kabisa, magoti yanaingia ndani. Huyo afungue vidole kwa nje kidogo na asiskie aibu. Kitu hakibadiliki ni hiki: pia ya goti iangalie kule kidole cha pili cha mguu kinaangalia. Likiingia ndani ni shida. Na ukilisukuma nje kwa nguvu hadi unasimama na kingo za nje za nyayo, hiyo pia ni shida, hata kama kwa kamera unakaa kama shujaa.

Kuna kosa moja naona sana. Mtu ameshakunja magoti, ndio anakumbuka kurekebisha miguu, basi anasaga unyayo chini kama anazima sigara. Unyayo unageuka, paja linabaki pale lilikuwa, na ule mpindo unakaa ndani ya goti kwa dakika zote atakazosimama. Ukitaka kubadilisha mguu, nyoosha goti, inua mguu, uuweke upya.

Goti lenyewe liwe limetolewa kufuli, basi. Tulifundishwa paredi kusimama tukiwa tumekaza magoti nyuma, na sote tunakumbuka wenzetu wakianguka kwa jua. Misuli ya kigimbi ndiyo husaidia kusukuma damu irudi juu. Ukisimama wima kama mti wa stima bila kuisongesha, damu inatuama miguuni na kichwa kinakosa. Ukitaka kuona goti limetolewa kufuli vizuri, mwangalie makanga ndani ya matatu inakimbia. Anahesabu pesa na mikono miwili, hajashika popote, dere anakwepa shimo, na haanguki. Magoti yake yamelegea kidogo, nyonga zinafanya kazi. Hajasoma hata kitabu kimoja cha zhan zhuang.

Sasa nyonga. Hapa ndipo kazi yote iko. Wachina wana neno kua, yaani pale kwa kinena, ule mkunjo ambapo paja linakutana na tumbo. Walimu wao wanasema legeza kua mpaka unachoka kuskia. Watu wa mtandaoni wanaifanya ikae siri ya milimani. Kwani shosho yako akipalilia shamba anafanya nini? Mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa kidogo sana, mkunjo wote uko kwa nyonga. Ni hiyo hiyo, lakini wewe unaitumia kidogo tu ukiwa wima.

Fanya hivi. Weka ncha za vidole vya mikono kwa huo mkunjo, kushoto na kulia. Halafu anza kukaa kama unataka kuegemeza matako kwa stuli ndefu ya kaunta. Ukisikia vidole vinamezwa kidogo, simama hapo hapo. Umefika. Ukianza na nyonga, goti linakunjika lenyewe kiasi kinachotosha. Ukianza na goti, linaenda mbele peke yake na mzigo wote unalifuata.

Kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, kiache kining'inie. Kuna wale wanakuambia ukisukume mbele kabisa ndio mgongo uwe bapa. Ukikisukuma kwa nguvu unafunga nyonga uliyotoka kufungua sasa hivi, na mzigo unarudi kwa goti. Hayo mengine unajua: mabega chini, kichwa kama kimevutwa juu na uzi, mikono kama imekumbatia mti, pumzi iende vile inataka.

JIPIME

Pindua ndoo, weka simu juu yake ndio kamera iwe karibu na urefu wa goti, ujirekodi ukiwa umesimama dakika tano. Kwanza mbele, siku nyingine upande. Usiangalie dakika ya kwanza, juu dakika ya kwanza kila mtu yuko sawa. Angalia ya nne na ya tano, wakati umechoka na umesahau kuna kamera. Chora mstari na jicho: kutoka nyonga, katikati ya pia ya goti, hadi kidole cha pili. Mstari ukivunjika kwa goti, umepata jibu.

Kwa upande, angalia kama goti limepita ncha za vidole. Kuna wale wameifanya hii kuwa amri, ati goti likipita vidole unaumia. Kama ingekuwa kweli tungeumia kila tukishuka ngazi. Lakini kwa kusimama tuli, goti likisonga mbele hivyo mara nyingi linakuambia uzito umekimbilia vidoleni na nyonga imelala kazini. Ichukue kama kipimo tu.

MAUMIVU SI MAMOJA

Mapaja kuwaka moto kwa mbele, miguu yote miwili, kutetemeka kidogo, halafu ukinyooka na kutembea inaisha kwa dakika chache: huo ni msuli umechoka. Uko salama.

Kuchomwa kwa nukta moja, chini ya pia ama ndani ya kiungo, goti moja tu, na kesho yake unashuka ngazi ukishikilia ukuta: hiyo si misuli. Inuka. Nyoosha polepole, hamisha uzito mguu hadi mguu, tembea. Kesho simama juu zaidi na muda mfupi zaidi, ama upumzike. Na kama goti limevimba, linakwama katikati ya kukunja, ama linakuachilia ghafla ukitembea, hakuna post ya mtandaoni itakusaidia, hata hii. Tafuta daktari ama mtu wa fiziotherapia.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema mabingwa wa China wanashuka chini kabisa. Ni kweli, kijiji cha Chenjiagou huko Henan, nyumbani kwa taijiquan ya ukoo wa Chen, kuna watu wanafanya misimamo ya chini hadi unashangaa. Wengi wao walianza wakiwa watoto, mbele ya mwalimu anayewasukuma goti na mkono wake likienda vibaya, na mtindo wao ni wa kusonga. Wewe ulianza Jumanne na klipu ya sekunde thelathini.

Mtasema kutetemeka ni nishati inafungua njia. Sitaki kubishana na imani ya mtu kuhusu nishati. Mtu akiskia joto kwa viganja, ama mikono kuwa miepesi, raha yake. Lakini hata ukiamini hayo yote, hakuna haja ya kuamini kwamba hiyo nishati inapita kwa goti lililopinda. Wakati hii kusimama ilipelekwa kwa wagonjwa, mgonjwa hakuambiwa akaze. Urefu wa msimamo na muda vilipangwa kulingana na mtu. Kama mgonjwa wa hospitali alipewa ruhusa ya kusimama juu, wewe unamthibitishia nani?

Na mtasema mimi naharibu motisha ya watu. Hapa ndipo nakasirika kidogo. Angalia nani anatufuata. Kuna msee anabeba simiti mjengo, goti lake ndilo mshahara. Kuna wa boda, kuna wa kupeleka chakula na baiskeli, kuna dada anasimama kwa duka kutoka asubuhi hadi usiku juu kiti haruhusiwi. Hao ndio wanahitaji hii kitu zaidi ya sisi wote, juu imefundishwa sawa inakufundisha kusimama bila kujiumiza, na hauhitaji jimu wala kununua chochote. Halafu sisi tunawapa mashindano. Goti likiharibika, ile picha ya MRI hailipwi na likes, na siku za kukaa nyumbani hakuna mtu wa mtandaoni atazilipa.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa wale wenzangu wa kurekodi. Toa hiyo saa kwa video. Shusha kamera ionyeshe nyayo na magoti, si tumbo na machweo. Onyesha msimamo wa juu, hata kama hauna drama na views zitashuka.

Na wewe wa kujaribu, wiki hii simama juu dakika tano tu kwa siku. Goti likikaa kimya wiki nzima, ongeza dakika moja wiki inayofuata. Likianza kusema, shuka kwa unyayo, panda kwa nyonga, utafute nani amelituma. Halafu niambie umepata nani, juu nina hakika wengi mtapata ni nyonga.